Nyongo ya Mzee Odera

Mutheu alizaliwa Kariokor, binti wa mshona viatu vya akala, na kama baba yake, hakuvumilia kazi ya kulipua. Katika maabara ya hospitali moja ya Eastlands yeye ndiye aliyekuwa mdogo kwa umri, lakini mdomo wake ulizidi kelele za mashine zote zikijumlishwa.

Jumatatu asubuhi mama mmoja aitwaye Kezia alitokea dirishani amekumbatia mkebe wa siagi.

"Daktari, nimekuletea nyongo ya mzee."

"Mimi si daktari, mama. Na hii ni siagi."

"Ilikuwa siagi. Nimeusugua huo mkebe na majivu mpaka nikajiona uso."

Mzee mwenyewe ni Odera, mumewe, mstaafu wa reli anayeishi Mathare. Saratani ya kongosho ilikuwa imembana mrija wa nyongo hadi macho yakawa manjano, madaktari wakampitishia mpira ubavuni ili nyongo itokee kwenye mfuko. Angepasuliwa Ijumaa kuondoa uvimbe. Kabla ya hapo daktari alitaka kujua kama nyongo hiyo ina bakteria, na dawa gani itawaweza. Kezia alipewa kichupa safi, akakiona kidogo mno. Kwao mtu hapelekewi kitu kiduchu hivyo.

"Halafu ni chungu," alisema. "Kidudu gani kitathubutu kukaa humo? Ya mbuzi sisi huitia kwenye matumbo na tunakula."

Mutheu aliotesha tone moja kwenye sahani ya maabara, aone kitakachomea. Jumanne sahani ilikuwa imefurika bakteria. Nzomo, mkubwa wa maabara, alicheka mpaka miwani ikamteleza.

"Andika sampuli chafu. Hao ni wakazi wa mkebe."

"Na kama ni wakazi wa mzee, bosi?"

"Atapewa dawa ya kawaida, kama wote."

Mutheu hakucheka, jambo lililowatisha wenzake. Nyongo ya mtu mzima kwa kawaida haina bakteria, lakini mrija ukiziba na mpira ukiingizwa, hao hupata njia. Kama dawa ya kawaida haiwawezi, mzee angefunguliwa tumbo huku adui akimngoja ndani.

"Nitaenda kuchukua nyingine."

"Mathare? Na nani atakupeleka?"

"Nina miguu, bosi. Hata haijaomba ruhusa ya likizo."

Alasiri hiyo, nyumbani kwake Mathare, Odera alimtazama Mutheu akiupangusa mpira wake kwa spiriti, kisha akivuta nyongo kwa sindano mpya.

"Binti, umetembea kote huko kufuata maji haya?"

"Mzee, ulipokuwa reli ulikagua boliti ngapi kabla treni haijapita?"

"Zote."

"Basi tuelewane."

Kezia alichungulia kichupa. "Hiyo tu? Wacha nikujazie."

"Mama, ukinijazia tena nitafutwa kazi." Kisha akamweleza taratibu: uchungu wa nyongo hauwafukuzi bakteria wote. Wengine huzoea, na watafiti wanasema wakiingia kwenye uvimbe wenyewe, wapo wanaoivunja dawa ya saratani kabla haijafanya kazi. Kezia alikaa kitandani polepole.

"Kumbe tunawalisha wageni."

Alhamisi majibu yalitoka. Bakteria walewale, mara hii bila mkebe wa kusingiziwa. Walizunguka tembe ya dawa ya kawaida iliyowekwa kwenye sahani kama haipo. Dawa nyingine iliwafyeka duara pana kama sarafu. Nzomo alitazama sahani, akatazama tena, akatia sahihi, kisha yeye mwenyewe akampigia simu daktari wa upasuaji.

Ijumaa Odera alipasuliwa akilindwa na dawa hiyo iliyowaweza. Siku ya kumi na mbili alitoka wodini kwa miguu yake, kidonda kikavu, homa hakuna. Matibabu ya saratani yalikuwa bado mbele yake, lakini alikuwa na nguvu ya kuyaendea.

Jumatatu iliyofuata Nzomo alibandika karatasi ukutani: nyongo zote za wagonjwa wenye mpira zipokelewe na Mutheu. Mutheu aliisoma, akalalamika kwa sauti kwamba anaongezewa kazi bila hata chai, kisha akaipiga picha na kumtumia baba yake.