Farasi aliyerudi mnadani na hatamu ya Alfayo

Saa kumi na moja alfajiri, pembezoni mwa jiji la Riyadh, Alfayo Mukoya anamwaga maji ambayo hayana kosa lolote. Ameyajaza jana jioni tu. Anasubiri hori likauke, analisugua kwa brashi, analijaza upya, kisha anatumbukiza mkono hadi kwenye kiwiko kuhakikisha hakuna utelezi uliobaki chini.

Farasi jike wa kijivu anamtazama kutoka kwenye kona ya banda. Kwa miaka sita, mabanda mawili ya mwisho ya zizi hili yamepokea farasi waliokataliwa mnadani. Leo yamebaki na mkazi mmoja, huyu wa kijivu.

Simu inalia. Alfayo anaitoa mfukoni, anasoma jina, anairudisha ikiwa bado inalia.

"Ni Soud," anasema. "Wacha ilie."

Zimebaki siku kumi na nane apande ndege kurudi Lugari, magharibi mwa Kenya, na safari hii si ya likizo. Ameshapewa huruji, ruhusa ya kuondoka moja kwa moja. Bosi wake amemwambia wazi kwamba akishaondoka, mabanda yale mawili yanarudi kwenye biashara, na farasi asiye na kwake atarudi mnadani.

Mtu pekee anayemtaka farasi huyu ni huyo Soud asiyepokelewa simu, ambaye alishampata mara moja akampoteza.

Alfayo, mwenye miaka arobaini na mitatu, alijifunza kazi ya kutunza farasi kwenye uwanja wa mbio wa Ngong, Nairobi. Alikuja Riyadh kwa mkataba wa miaka miwili na amekaa tisa. Analipwa riyali 2,200 kwa mwezi, na sehemu kubwa inakwenda kwa mkewe, Charity, na watoto wao watatu.

Mnadani alifika mara ya kwanza alipotumwa kununua kondoo. Nyuma ya mazizi ya kondoo akakuta farasi wanne wamefungwa juani, mmoja amesimama kwa miguu mitatu. Bei ya huyo kilema ilikuwa chini ya bei ya kondoo.

"Nikampigia baba," anasema, akimaanisha bosi wake, Hamdan, mwenye zizi. "Nikamwambia, baba, kondoo wamepanda bei, lakini kuna farasi wa bei rahisi. Alinitukana vibaya sana. Halafu akauliza, ni wa rangi gani?"

Ndivyo mabanda mawili yalivyopatikana. Marafiki wachache wa Hamdan wakakubali kuchangia majani na daktari. Kazi iliyobaki, ya kununua, kutibu na kutafutia makazi, ikamwangukia Alfayo juu ya kazi zake nyingine, na hakuna aliyemwongezea mshahara.

Msimu wa kutupa farasi anaujua kama mkulima anavyoujua wa kupanda. Baridi ikiingia, watu huwanunulia watoto farasi wa kuchezea kwenye istiraha, zile nyumba za mapumziko nje ya mji. Joto likianza, familia husafiri na watoto huchoka. Mwezi wa sita, farasi yuko mnadani. Asiponunuliwa na mpenda farasi, hununuliwa na mtu asiyesema anampeleka wapi.

"Farasi hawa ni kama sisi," anasema Alfayo. "Ukikosa kafili mzuri, yaani mwajiri wa kukudhamini, umekwisha. Tofauti ni kwamba mimi niko na simu, naweza kupiga nyumbani nilie."

Kwa hiyo anayetaka farasi hutembelewa kwanza bila taarifa. Alfayo hatazami uzio wala majani. Huenda moja kwa moja kwenye hori na kutia mkono.

"Farasi unaweza kumwosha siku ninayokuja. Majani unaweza kununua hiyo siku. Lakini kama hujui nakuja, yale maji yataniambia ukweli. Yakiwa moto, farasi hanywi. Yakiwa na utelezi, ni ya juzi. Hapo mimi nasema halas, siendelei."

Wapo waliomfukuza. Mmoja alitishia kuita polisi, akitaka kujua ni mfanyakazi gani anayechovya mkono kwenye mali za watu. Alfayo aliondoka, akarudi wiki iliyofuata, akachovya tena.

Farasi thelathini na mmoja wamepata makazi kwa njia hiyo. Ni mmoja tu aliyekwenda kabla Alfayo hajagusa maji, naye ndiye huyu wa kijivu.

Februari mwaka huu, Soud alifika zizini kutoka Jeddah. Ana duka la vipuri vya magari mtaa wa Al-Baghdadiyah, na mama yake, Bi Wahida, aliletwa huku kutoka Unguja akiwa mtoto, mwaka 1964. Alfayo alikuwa na miezi kadhaa hajapata mtu mgeni wa kuzungumza naye lugha yake.

"Akanisalimia kwa Kiswahili kisafi, mpaka nikaonea changu aibu," anasimulia. "Tukakunywa chai, tukapiga stori mpaka saa sita mchana. Nikajisikia niko nyumbani. Roho ikatulia, nikasahau kwenda kwanza kwake kuangalia maji."

Farasi akapakiwa siku hiyo hiyo. Kichwani alivaa hatamu ya kamba iliyoshonwa kwa uzi wa buluu, zawadi ambayo Alfayo humshonea kila farasi anayeondoka.

Agosti alimpigia Soud kumjulia hali. "Hajambo," Soud akajibu. "Anakula vizuri, kanenepa."

Septemba, Alfayo akiwa katika mzunguko wake wa kawaida mnadani, aliona farasi aliyekonda, mbavu nje, begani ana kidonda kibichi. Alimshika kichwa ili amtazame meno. Vidole vikagusa uzi wa buluu.

"Niliona mshono wangu. Nikakaa chini palepale kwenye mavi ya kondoo. Watu walidhani nimepigwa na jua."

Akamnunua tena, kisha akapiga simu moja. "Nimempata huku mnadani," alimwambia Soud. "Amevaa hatamu yangu." Akakata. Tangu hapo Soud hupiga kila siku, na kwa wiki saba Alfayo hajapokea. Hasira yake kwa Soud ni kubwa, ila ile aliyonayo kwa nafsi yake ni kubwa zaidi, na wala haifichi.

Watu wanne wamekuja kumtazama farasi tangu kidonda kipone. Mmoja alitaka wa kuzaa, na huyu umri umempita. Mwingine alitaka wa kukodisha kwa watoto. Wa tatu hakuinua macho kutoka kwenye simu yake. Wa nne, Alfayo alimtembelea, na maji yake yalikuwa ya moto kama ya kuogea.

Siku zinavyopungua, Alfayo hakai. Chakula anakula amesimama. Anamaliza kufagia banda lililokwisha kufagiwa, anazunguka zizi, anarudi kutazama hori. Charity alimsikiliza kwenye simu akieleza habari za maji kwa nusu saa nzima, mwishowe akamkatiza.

"Mimi nimekunywa ya kisima miaka tisa na hujawahi kuniuliza kama ni safi," akamwambia. "Sasa sikia. Unakuja peke yako ama unakuja na huyo mke mwenza?"

Alfayo anacheka akilisimulia hilo, lakini mkono wake haujaacha kusugua goti.

Zikiwa zimebaki siku kumi na moja, aliomba ruhusa ya siku mbili, akapanda lori la majani linalokwenda Jeddah. Mwendo ni wa kutwa nzima. Alilala Al-Baghdadiyah, chumbani kwa Mkenya mwenzake, Paul, mtaa mmoja na duka la Soud. Hakwenda kumsalimia.

Asubuhi alichukua teksi hadi kwenye istiraha ya Soud, nje ya mji. Lango lilikuwa wazi. Alikwenda moja kwa moja bandani, akakuta patupu, pamefagiwa, hakuna hata unyayo wa kwato. Pembeni palikuwa na hori la saruji lililofunikwa kwa magunia mabichi.

Alifunua magunia, akatia mkono hadi kiwiko.

"Yalikuwa baridi," anasema. "Hakuna farasi, lakini maji ni ya leo."

Nyuma yake akasikia mkongojo. Bi Wahida alikuwa anakuja polepole, mkono wa pili umebeba birika.

"Nani wewe unotia mkono kwenye maji ya farasi wangu?" akauliza.

"Farasi gani, mama?"

Mama akamtazama juu hadi chini. "Ndo wewe Alfayo," akasema. "Mwembamba kuliko nilivyokudhania. Kaa kitako mwanangu, uso wako umekusawajika."

Alfayo hakukaa, ila alisikiliza. Julai, Bi Wahida alianguka akavunjika nyonga, na Soud akawa analala hospitali kando ya kitanda chake wiki sita. Istiraha aliiacha kwa binamu, ambaye aliona farasi anakula bure, akampakia kwenye lori la mchuuzi aliyekuwa anakwenda Riyadh. Soud alipojua, lori lilikuwa limeshaondoka. Ndipo Alfayo akapiga simu ile ya Agosti.

"Mwanangu kasema uwongo," Bi Wahida akasema. "Mie simtetei. Nilipopata habari kuwa farasi kaonekana, nikamwambia, basi hori lisikauke. Kila siku tukishasali alfajiri hunileta huku, namwaga ya jana natia mapya. Nilisema, wakija ghafla, asije akanywa ya jana."

"Kwa birika, mama?"

"Ndoo siiwezi, nyonga hii. Na mpira wa bustani unatoa maji ya moto. Nachota ndani, nakwenda na kurudi. Nina kazi gani nyingine mie?"

Amefanya hivyo kwa zaidi ya wiki saba, safari baada ya safari, kwa ajili ya farasi ambaye hakuna aliyemwahidi kumrudisha.

Soud aliwakuta hapo, akasimama mbali kidogo. "Nilikudanganya, kaka Alfayo," akasema. "Nilishikwa na haya. Na kila siku ikizidi kupita, inakuwa nzito zaidi kusema."

"Ungesema tu amepotea," Alfayo akajibu, "ningeanza kumtafuta siku hiyo hiyo. Amepigwa kwa watu mwezi mzima nikijua anakula vizuri kwako."

Alfayo hakutamka kwamba amesamehe. Aliuliza tu iwapo banda lina feni.

Alhamisi, siku nne kabla ya safari, trela la Hamdan linasimama mbele ya lango lile lile. Dereva, Eric, anafungua mlango wa nyuma. Farasi anashuka kwa wasiwasi, ananusa upepo, anakataa kwenda mbele. Alfayo anamtangulia hadi horini, anatia mkono kwanza.

Ametoa sharti moja. Kila Ijumaa, mpaka atakaposema basi, atatumiwa video ya mkono ndani ya maji haya, hadi kiwiko.

"Mkono wangu mie," Bi Wahida anasema, akimnyooshea Soud mkongojo. "Si wa huyu."

Farasi anainamisha kichwa na kunywa, masikio yakicheza kwa kila funda. Bi Wahida ameshampa jina, Asumini. Alfayo, ambaye kwa miaka sita hajampa farasi jina hata mmoja, analijaribu mdomoni mara mbili, kwa sauti ya chini.

Kisha anafungua ile hatamu yenye uzi wa buluu na kumvua. Soud anauliza kama hawaachii.

"Hapana. Hii ndiyo walimshika nayo kumpeleka mnadani."

Anaikunja, anaitia kwenye begi la safari, anaelekea langoni. Anarudi mara mbili kutazama maji. Mara ya pili Bi Wahida anamfukuza, akimwambia hayajabadilika tangu ayashike.

Huko Lugari amepanga kupumzika, kulima kidogo, na kumzoea Charity upya. Lakini fedha za likizo alizolipwa mwisho wa kazi hazigusi. Ni za tikiti na viza ya matembezi, mwaka ujao, kuja Jeddah na hatamu begini, endapo atakuta maji ya jana.

"Nitakuja kumwona," anasema, tayari mguu mmoja uko ndani ya gari. "Siku sitawaambia."