Tulitoka Arobaini na Mmoja

Jumapili moja ya Machi 1993 nilitoka Kolwezi na watu arobaini kwenda pikiniki. Tuliporudi saa kumi jioni, njia ya kuingia mjini ilikuwa imefungwa kwa gogo, na mtu mmoja akaniambia kuwa baadhi yao hawana tena mji.

Ninaandika nilichokiona na nilichokiandika siku ile. Karatasi ninayo hapa mezani. Asiyeamini aje aisome.

Jina langu ni Agnès Kitenge. Nilikuwa guide, kiongozi wa wageni, wa kampuni ndogo ya matembezi. Basi moja, mtumbwi mmoja wa injini, ofisi ya chumba kimoja.

Miaka ya neema tulitembeza familia za wahandisi na wageni wa serikali. Asubuhi tunawasimamisha ukingoni mwa shimo la mgodi wa Mashamba waone malori makubwa yakitambaa chini kama mende. Mchana tunawapeleka ziwa la Nzilo, tunawavusha hadi kisiwani, wanakula samaki, wanarudi.

Kisha mgodi ukaanguka. Mishahara ikakatika. Wageni wakaondoka na kamera zao.

Patron wetu, mwenye kampuni, Tata Stany (tata kwetu ni mzee), hakutaka kufunga. Akaanzisha Jumapili ya Wakaaji. Kila Jumapili ya mwisho wa mwezi basi linabeba watu wa kambi za wafanyakazi, mtu anatoa anachoweza, hata kopo la unga. Kisiwani kuna mbio za mitumbwi, mashindano ya kupika, tombola ya bahati nasibu.

Kuna watu walioishi Kolwezi miaka thelathini ambao waliliona ziwa hilo kwa mara ya kwanza wakiwa na sisi.

Sheria ilikuwa moja, imeandikwa kwa rangi nyekundu juu ya mlango wa basi: TULIOTOKA NAO, TUNARUDI NAO.

Ndiyo maana kulikuwa na karatasi ya njia. Safu tano: jina, kambi, mahali pa kuzaliwa, sahihi ya kwenda, sahihi ya kurudi. Safu ya tano mtu anaijaza akishashuka kwake, si kabla.

Zamani walinzi wa bwawa la umeme la pale ziwani ndio walioidai karatasi hiyo. Wao wakaacha kuidai, mimi sikuacha kuiandika. Niliangalia kitambulisho cha kila mtu kwa macho yangu. Ambaye hana, anabaki. Wengi walinichukia kwa hilo. Bon, sawa.

Ijumaa kabla ya safari, Tata Stany aliniita ofisini na kufunga mlango.

"Agnès, mwezi huu tupeleke tu batu ba hapa." Kwa Kiswahili chetu cha Kolwezi, watu ni batu.

"Batu ba hapa ni banani, tata?"

"Usinifanye mujinga. Unajua. Bakasai babakie."

Nilijua. Miezi hiyo mji mzima ulikuwa unaimba wimbo mmoja: ambao babu zao walitoka jimbo la Kasai kuja kufanya kazi mgodini, warudi kwao. Nyumba zao zilikuwa zinatiwa alama ya chaki. Kwenye stesheni ya treni maelfu walikuwa wanalala chini, wakisubiri mabehewa.

"Tiketi nimeshazitoa," nikamwambia. "Majina makumi tatu na kenda. Na mi na Kasimu, arobaini na moja. Ukifuta moja, futa na yangu."

"Na kama banachoma basi?"

"Banaweza kuichoma hata ikikaa hapa."

Akanitupia ufunguo. "Uko na kichwa nguvu sawa baba yako!"

Kati ya majina hayo kulikuwa na Tata Ngeleka. Alikuwa fundi mstaafu wa karakana ya mgodi, na ndiye aliyekuwa anaita namba za tombola kwa bomba la bati alilolitengeneza mwenyewe. Wazazi wake walitoka Kasai. Bila yeye tombola ilikuwa mazishi.

Asubuhi ya Jumapili nilimkuta mlangoni, hajavaa viatu. Hakutaka kumwacha mkewe. Mama Ntumba alikuwa amevimba miguu, mwaka wa pili huo hasimami.

"Enda," Mama Ntumba alimwambia kutoka kitini. "Ukibakia, batasema umejificha."

"Na weye?"

"Mi nitajificha na miguu gani?" Akacheka. Kisha akanigeukia, na kicheko kikakatika. "Agnès, unirudishie ule mubaba."

"Jina yake iko mu karatasi, mama."

"Njo vile," akasema, yaani ndivyo iwe.

Mlango wao ulikuwa umeshatiwa chaki. Wote watatu tulijifanya hatujaiona.

Kisiwani ilikuwa siku nzuri kuliko ilivyostahili kuwa. Tata Ngeleka aliita namba mpaka sauti ikapasuka. Jogoo wa tombola akaenda kwa Kasimu, dereva wetu, na watu wakapiga kelele.

"Mwizi! Dereva hana ruhusa ya kucheza!"

"Nionyesheni kwenye imeandikwa!" Kasimu akajibu, jogoo kwapani. Wakanitazama mimi. Haikuandikwa popote. Jogoo akabaki kwake.

Saa tisa nikahesabu. Arobaini na mmoja. Tukaondoka.

Karibu na mji Kasimu akapunguza mwendo.

"Mama Agnès, hii gogo haikukuwa hapa asubuhi."

Vijana kama ishirini, wengine na mapanga. Aliyekuja mlangoni nilimfahamu. Omer. Mwaka 1989 alishinda mbio zetu za mitumbwi, na mimi ndiye niliyempa mpira wa zawadi mkononi. Sasa alikuwa na kitambaa kichwani na sauti ya mtu aliyepewa cheo wiki iliyopita.

"Bakasai bashuke. Bengine bapite."

Hakuna aliyesogea.

"Munafikiri sitabajua?"

"Utabajua namna gani?" nikamuuliza.

Macho yake yakaangukia karatasi yangu. Akasoma vichwa vya safu kwa kidole, na uso ukamchangamka.

"Eh! Mahali pa kuzaliwa! Kazi imeisha, bandugu. Mama, soma. Jina na pa kuzaliwa. Wa Kasai anashuka. Hii bilulu itatoka yenyewe."

Bilulu, wadudu. Ndivyo walivyowaita.

Nikamtazama Tata Ngeleka, kiti cha pili. Alikuwa ameshika bomba lake la bati kwa mikono miwili. Kutoka pale hadi kwake ni kilomita tatu. Ndani ya nyumba ile kulikuwa na mwanamke asiyeweza kusimama kufunga mlango.

Nikafikiri haraka, lakini nilifikiri sawasawa. Omer angeniuliza kabila, ningekuwa sina la kufanya. Hakuuliza kabila. Alidhani ni kitu kimoja.

"Nitasoma yote," nikamwambia. "Kutoka chini kwenda juu. Usinikate."

"Soma."

"Kazadi. Kolwezi."

"Mulumba. Kolwezi."

"Mignonne. Dilolo."

"Dilolo ni kwetu!" akasema kijana mmoja nyuma yake.

"Ni kwenu, lakini si Kolwezi," nikasema, nikaendelea. Kolwezi. Kolwezi. Likasi. Mutshatsha. Kolwezi. Kila jina la Kasai nililolisoma, nyuma yake lilifuata jina la mji huu au mwingine wa Katanga, jimbo letu. Waliotoka mbali walikuwa wachache, na wengi wao walikuwa wa upande wa Omer.

"Ngeleka. Kolwezi, 1938."

"Uongo!"

"Kitambulisho iko mu mufuko yake. Angalia. Weye ulizaliwa mwaka gani?"

"Soixante-trois." Sitini na tatu.

"Basi ulimukuta hapa. Alikungojea miaka makumi mbili na tano."

Kijana wa Dilolo akacheka kabla hajajizuia. Omer akamkata jicho.

Nikafika mstari wa pili. "Kasimu. Kongolo." Nikashusha karatasi.

"Hakuna hata mumoja wa Kasai?" Omer alikuwa anatoa jasho. "Hata mumoja?"

"Kuko mumoja."

"Nani?"

"Musitari wa kwanza. Kitenge Agnès. Luputa, Kasai."

Ndani ya basi jogoo akawika.

Ni kweli tupu. Ukoo wetu ni wa kaskazini mwa Katanga, hakuna asiyejua. Lakini baba alifanya kazi kwenye reli, na mama alinizaa alipopangiwa baba, kwenye nyumba za wafanyakazi Luputa. Tulirudi nikiwa na miezi mitatu. Niliandika Luputa kila mwezi kwa miaka, na hakuna aliyewahi kuitazama.

Nikachukua mkoba wangu, nikashuka, nikasimama kando ya gogo.

"Nimeshuka. Njo sheria yako. Sasa fungua."

"Mama, acha michezo. Weye ni wa kwetu."

"Juu ya nini?" nikamuuliza sababu.

"Juu... tunajua baba yako."

"Na baba ya Ngeleka hamumujui? Alianza kuchimba ile shimo baba yako alipatiamo kazi."

Omer akageuka. Akampigia Kasimu kelele: "Weye, enda! Bapeleke!"

Kasimu akazima injini, akatia ufunguo kwenye mfuko wa shati, akaufunga na kifungo.

"Bila Mama Agnès haiende. Soma juu ya mulango."

Omer akainua macho. Aliyasoma maneno yale ya rangi nyekundu. Alishayasoma zamani, mwaka 1989, akiwa amekumbatia mpira.

Halafu Tata Ngeleka akashuka. Yeye ambaye alipaswa kujificha chini ya kiti. Akasimama karibu nami, akatia bomba la bati mdomoni, na kwa ile sauti yake iliyopasuka akaita:

"Musitari wa tano, niko!"

"Wa makumi tatu na kenda, niko!" Mignonne akashuka.

Wakashuka wote, kila mmoja na namba yake, wa Dilolo na wa Mutshatsha na wa Kolwezi, wakajaza barabara.

Nyuma yetu lori la makaa likaanza kupiga honi. Nyuma ya lori, wanawake na baiskeli zilizobeba mihogo.

"Munafanya nini hapo mbele?"

"Banatafuta Mukasai," mtu akajibu. "Bamepata Agnès ya Kitenge!"

Kicheko kilianzia kwenye lori, kikashika barabara nzima. Omer alikuwa amejiandaa kwa vilio na kwa mawe. Kwa kicheko hakuwa na panga.

"Muondoe gogo," akasema, bila kumtazama mtu. "Mama, panda. Pandeni bote. Munatuletea aibu."

"Ngoja kwanza," nikasema. "Nahesabu."

Nilihesabu taratibu, mbele yake. Arobaini na mmoja.

Saa kumi na moja na dakika ishirini Tata Ngeleka alijaza safu ya tano mbele ya mlango wake. Kutoka ndani sauti ya Mama Ntumba ikasema: "Umechelewa. Nani alipata jogoo?"

Ningependa kuishia hapo. Siwezi, kwa sababu haikuishia hapo.

Wiki tatu baadaye nyumba ile ilichukuliwa. Gogo moja tulilipita, magogo mengine hatukuyapita. Wakasai wote kumi na wanane wa basi letu waliishia kwenye stesheni.

Nilikwenda huko na karatasi mpya ya njia. Safu tano. Wakasaini ya kwenda, mmoja mmoja, juu ya goti langu. Mama Ntumba alikuwa amelazwa kwenye mkokoteni.

"Na mi? Sikukuwa mu basi."

"Naongeza musitari, mama." Kumi na tisa.

Tata Ngeleka akaweka kidole kwenye kisanduku tupu cha safu ya mwisho. "Na hii?"

"Hii munasaini mukirudi."

"Tutarudi?"

"Sijui, tata. Lakini iko hapa."

Kampuni ilifungwa mwaka uliofuata. Basi liliuzwa kama vyuma. Karatasi zote mbili nilizichukua.

Mwaka 2004 mzee mmoja aligonga mlango wangu, mwembamba, amebeba mfuko wa plastiki. Hakunisalimia.

"Karatasi iko wapi?"

Nikaileta. Tata Ngeleka akajaza kisanduku chake cha kurudi. Kisha akashusha kalamu hadi mstari wa mwisho, wa mkewe. Mama Ntumba alizikwa kando ya reli, kabla treni haijafika Mwene-Ditu, huko Kasai. Mzee akasaini na hapo pia, polepole, jina lote.

Katika kazi yangu yote sikuwahi kumruhusu mtu mmoja amsainie mwingine. Nilimwona. Nikamwacha amalize.

Leo hesabu ni hii. Visanduku tisa vimejaa, kimoja kati ya hivyo kinyume cha sheria. Wanne nimethibitisha wamekufa. Sita bado wazi. Huenda mmoja wa hao sita, au mtoto wake, anasoma hapa sasa. Niko Kolwezi, nyumba ile ile aliyogonga mzee. Kalamu ipo.

Na somo ni hili: kabla ya kumwambia mtu arudi kwao, angalia kwanza kama hayuko kwao tayari.

Na ukikosa kabisa wa kumfukuza, anza na mimi. Mstari wa kwanza. Luputa, Kasai. Imeandikwa.