Begi Mlangoni, Kengele Mgongoni

Mimi ni yaya, na sisi mayaya wa Mirdif, kule Dubai, tunajua maana ya begi mlangoni. Madam akikwambia panga vitu vyako vyote, begi uliache mlangoni, khalas, unarudishwa kwenu. Hakuna maelezo. Dereva analitia begi kwenye buti, nawe unalifuata hadi uwanja wa ndege. Yaya wa jirani yetu aliondoka hivyo asubuhi moja, chai yake bado iko mezani.

Kwa hiyo madam wangu aliponiambia maneno hayohayo tukiwa Japani, nilijua zamu yangu imefika.

Tulikuwa likizoni: yeye, mume wake, watoto wao wawili na mimi. Madam amezaliwa Dubai lakini wazazi wake ni wa Unguja, kwa hiyo tunaongea Kiswahili, yeye chake cha huko, mimi changu cha Bungoma. Alikuwa amesoma habari za njia ya kale milimani ambayo mahujaji wa Kijapani wameitembea tangu enzi za mababu, naye ana wazimu wa mazoezi. Akasema twende sisi wawili, mume wake abaki mjini na watoto. Hapo machale yakanicheza. Yaya gani anatenganishwa na watoto apelekwe kupanda milima?

Tulilala kwenye nyumba ya wageni mwanzoni mwa njia. Asubuhi, akifunga kamba za viatu, alisema bila kuniangalia:

"Panga vitu vyako vyote, begi uliache hapo mlangoni. Kuna mtu atakuja kulichukua."

"Analipeleka wapi, madam?"

"Mbele huko. Usijali wewe."

Nisijali! Nguo zangu zimo humo, Biblia yangu imo, na pasipoti yangu iko kwenye mkoba wake, kama kawaida. Binti yangu alikuwa ndio kwanza ameingia kidato cha kwanza kule nyumbani. Nikipoteza kazi, na yeye shule imeisha. Hilo ndilo lililonitembeza siku ile, wala si miguu.

Halafu akanifungia kengele kwenye mkoba wa mgongoni. Ati ni ya dubu, wakisikia mlio wanakaa mbali. Kwetu kengele hufungwa ng'ombe mtoro ili ajulikane alipo. Yake mwenyewe hakuwa nayo.

"Haya yalla, tangulia," akasema. "Mie n'takufuata."

Njia ilikuwa nzuri, siwezi kudanganya. Ngazi za mawe yaliyoliwa na nyayo, miti imenyooka mpaka shingo inauma kuitazama. Pembeni kulikuwa na visanamu vya mawe vilivyofungwa vitambaa vyekundu shingoni, kama watoto wanaosubiri kulishwa uji. Mimi ni mtu wa kanisa, nilivipita mbiombio. Lakini sikuwa na nafasi ya kutazama miti. Nilikuwa namtazama madam. Kila nikigeuka, nakuta ananitazama. Nikisimama kunywa maji, naye anasimama. Nilijificha nyuma ya mti nijisaidie, akaanza kuita, "Uko wapi? Uko wapi wewe?"

Tulifika kwenye kibanda kisicho na mtu. Machungwa yamepangwa vizuri, kando kuna kikopo cha kutia sarafu. Nikasema moyoni, huu ni mtego. Nilitafuta kamera hadi chini ya paa, sikuiona, na hiyo ikanitia wasiwasi zaidi. Madam alitumbukiza sarafu, akamenya chungwa, akanipa nusu kubwa. Tangu niingie nyumba ile sijawahi kumenyewa kitu.

"Hivi unafurahi kukaa na sisi?" akaniuliza.

Nikalitazama lile chungwa mkononi. Nikajua ni la kuagana.

Alasiri tukashuka kijijini, kwenye nyumba nyingine ya wageni, na kitu cha kwanza kukiona ni begi langu, limesimama mlangoni. Nikajua dereva yuko karibu. Uvumilivu ukaniishia.

"Madam, kama unanirudisha Kenya, niambie. Nimekosa nini?"

Alinitolea macho. Kisha akanionyesha begi lake mwenyewe, lililokuwa nyuma ya langu. Alieleza kwamba kuna gari linalobeba mizigo ya watembeaji kutoka nyumba moja ya wageni hadi nyingine, ili wapande mlima bila uzito. Ya kila mtu. Akacheka hadi akakaa chini, nami nikacheka, machozi yananitoka.

"Na mie nilidhani utanitoroka," akasema, akijifuta macho. "Wenzako wakiletwa nchi za nje wanapotea. Bwana akasema, mjini hatutamuweza, mchukue wewe. Msituni atakimbilia wapi?"

Kicheko changu kilikatika. Siku nzima nilikuwa nikichungwa. Hasira ilinipanda hadi masikio yakawaka, nikasahau kwamba naongea na mtu aliyeshika pasipoti yangu.

"Nitoroke, watoto nimwachie nani?"

"Watoto wepi?" akauliza polepole.

Mimi nina mtoto mmoja. Nilikuwa nimemuwaza yeye tangu asubuhi, mlima mzima. Lakini hasira iliponifungua mdomo, niliowataja ni wawili wa Mirdif.

Madam alielewa kabla yangu. Akatabasamu, akaniambia nivue viatu tuingie ndani.