Chubwi la Baba

Nilifika Kamembe na begi moja, godoro lililofungwa kamba, na mshipi wa baba wa kuvulia uliozungushwa kwenye kibao. Begi na godoro viliwekwa nyuma ya basi. Mshipi nilikaa nao mapajani njia nzima, kona zote zile za msituni, abiria wa pembeni akiniuliza kama nataka mfuko wa kutapikia. Sikutaka kutapika. Nilikuwa naogopa tu.

Woga wangu hauna adabu. Hauji kwa sababu ya nyoka au giza, mambo ambayo mtu anaweza kuyaeleza akaeleweka. Unakuja wenyewe, unanikaba kifuani, vidole vinakufa ganzi, na mtu akinisemesha naona midomo inacheza lakini maneno hayaingii. Baba aligundua nikiwa na miaka tisa, tulipokuwa tumerudi kutoka Tanzania na kupata kiwanja karibu na ziwa Muhazi, kwamba nikishika mshipi mikono inatulia. Majirani walimcheka kwa kumfundisha binti kuvua. Aliwaacha wacheke.

Alinifundisha mambo matatu. Kaa kimya, chambo kiwe mnyoo, na ndoano ishuke mpaka chini kabisa, maana kambale mkubwa analala kwenye tope. Ili ishuke vizuri alinitengenezea chubwi, kipande cha risasi alichokiyeyusha kwenye kopo la maziwa kutoka betri kuukuu ya gari. Akalifunga kwenye mshipi kwa fundo lake mwenyewe, kisha akaliunguza fundo kwa kiberiti ili lisifunguke kamwe.

Nilipopata nafasi ya chuo huku Rusizi, upande wa pili kabisa wa nchi, baba alisema, "Ukivua samaki huko, kaa. Ukikosa, rudi, na hapa nyumbani hakuna atakayekuuliza." Nadhani alisema nusu kwa utani. Mimi nililichukua kama kiapo, na nikajipa muda: mpaka wiki ya sita.

Nilipanga chumba uani kwa fundi cherehani, Mwislamu wa makamo, ambaye mke wake aliuza sambaza, dagaa wa ziwani, sokoni. Niliwaita Papa na Maman, yaani baba na mama, kama wengine wote. Walikuwa watu wa maneno mengi na vicheko, na kwao Kiswahili changu cha Tanzania kilikuwa kichekesho.

"Ule mutoto anasema sawa redio," Maman aliwaambia wateja. "Mungojee, sasa hivi atatupatia habari."

Chuoni mambo yalikuwa mabaya. Mwalimu aliniita jina, nikasimama, nikakaa tena bila kusema kitu. Darasa zima likageuka kunitazama. Kuanzia siku hiyo nilikuwa nafika darasani kijasho kikinitoka kabla hata sijafungua daftari, na kila Jumamosi nilikimbilia majini.

Nilianza na mto, karibu na daraja la mpakani la kwenda Bukavu. Sikumaliza hata kufungua kibao. Askari alikuja, mpole, akaniuliza nafanya nini. Nikasema navua. Akautazama mto, akanitazama mimi, akaniambia ndoano yangu ikienda na maji kidogo tu itakuwa imeingia nchi ya watu bila kugonga muhuri. Alicheka. Mimi nilirudi nyumbani, nikajilaza mchana mzima.

Jumamosi iliyofuata nilishuka Bugarama kwenye mifereji ya mpunga. Joto lile si la kibinadamu. Mwenye shamba alinifuata akidhani nachimba tuta lake kutafuta minyoo, na kusema kweli nilikuwa nalichimba. Niliomba radhi mara tano, nikapanda gari la kurudi na tope mpaka kwenye nyusi.

Likabaki ziwa lenyewe, lile kubwa lililo chini ya mji. Nilitafuta mwamba uliojitenga, mbali na kelele za watu, nikashusha. Chubwi likaenda. Likaenda tena. Kibao kikaisha, na mkono wangu haukuhisi kitu, si tope wala jiwe. Sijui kama naweza kueleza lile. Kwa mtu wa Muhazi, maji yana sakafu. Haya yalikuwa yanameza tu. Nilinunua uzi nikaunga, wiki iliyofuata nikaunga mwingine, mpaka nikafika pima ishirini, na kila pima niliyoongeza iliniongezea woga badala ya kunipunguzia. Sikuvua hata dagaa mmoja.

Wiki ya sita nilikata tiketi ya basi la Jumapili asubuhi. Niliiweka ndani ya daftari ambalo sikuwa nimeandika kitu.

Jumamosi, siku moja kabla, Maman alinikuta nimekaa uani nakunja nguo. Alikuwa ameshikilia ungo wa sambaza. Akautazama ule mzigo wa uzi kwenye kibao.

"Hii kamba yote ni ya nini?"

"Ya kufika chini, Maman."

"Chini kufanya nini?"

"Kutafuta samaki."

Aliweka ungo chini, akamwita mumewe. "Papa, kuja usikie! Mutoto anatafutaka samaki kule chini!" Akanigeukia, na safari hii hakucheka. "Kule chini hakuna samaki, mutoto yangu. Iko gaz. Maji ya kule ilisha kufa. Samaki iko huku juu, pale bamama banaoshea sufuria. Banakulaka bugali yetu."

Sijui kama mtaalamu wa ziwa na gesi yake angekubaliana naye neno kwa neno. Najua tu kwamba wiki tatu nilikuwa nalisha maji yaliyokufa minyoo mizima, na pale wanapooshea sufuria nilipapita kila Jumamosi nikiharakisha, kwa sababu kuna kelele na baba alisema tukae kimya. Niliona aibu. Halafu nikakasirika, nikamkasirikia hata baba, jambo ambalo halijawahi kunitokea.

"Toa ile jiwe," Maman alisema, akionyesha chubwi.

Nikajaribu. Fundo halikufunguka, na nilijua halitafunguka. Nikang'ata, nikavuta, vidole vikaanza kufa ganzi, pumzi ikanipungukia mbele yao wote wawili. Hapo Papa akanyanyuka kwenye cherehani na makasi yake.

Lazima niseme juu ya makasi yale. Yalining'inia kwenye msumari juu ya kichwa chake na hayakugusa kitu kingine zaidi ya kitambaa. Nilishamsikia akimfokea mke wake kwa kukata karatasi tu. Alinyoosha mkono, akanipa.

"Kata weye mwenyewe," alisema.

Niliyashika muda mrefu. Papa hakunihimiza. Nikakata.

Chubwi lilianguka kwenye saruji na sauti ndogo tu. Maman alinifinyangia vidonge vya ugali wa mihogo, akanisindikiza mpaka ufukweni, akawaambia wanawake wanisogezee nafasi. Nilikaa katikati ya masufuria, makelele, umbea na povu la sabuni, mshipi mwepesi umeelea hatua chache tu kutoka miguuni kwangu. Moyo ulinienda mbio kama siku zote. Mama mmoja alikuwa bado ananiuliza kama nimeolewa pale uzi ulipokaza.

Alikuwa tilapia, si mkubwa kuliko kiganja changu. Wanawake walipiga vigelegele kana kwamba nimeleta bwana harusi.

Nilirudi uani, nikampigia baba simu kabla ya kunawa mikono. Nilimweleza yote, ugali, masufuria, kelele. Aliuliza maswali ya mvuvi: kina gani, saa ngapi, ndoano ilinasa wapi. Halafu akauliza, "Na chubwi?"

Nilitamani kudanganya. Nyuma yangu Papa alikuwa ameshaliokota, ameliweka mezani juu ya kitambaa cha mteja kisiteleze anapokata.

"Tumelikata, baba. Fundi wa hapa analikandamizia kitambaa."

Nilimsikia akivuta kigoda, akakaa.

"Basi umeshahama," alisema.

"Ndiyo, baba," nilijibu, na kwa mara ya kwanza tangu nifike Kamembe sauti yangu haikutetemeka. Yake ndiyo iliyotetemeka.