Bibi Yangu Alikufa Mara Mbili Kwenye Kompyuta ya Ofisi

Bibi yangu mzaa mama alifariki mwezi wa tatu, akafariki tena mwezi wa nane.

Kifo cha kwanza nilikitunga mimi. Cha pili kilikuwa cha kweli.

Nafanya kazi ofisi ya wapima ardhi, tuko saba. Mwaka juzi tuliwekewa programu ya kushirikiana mafaili. Ukirekebisha ramani kwenye kompyuta moja, inabadilika kwenye zote. Tulihubiriwa siku nzima kwamba sasa tutafanya kazi kama mtu mmoja.

Tulichoshirikiana kwa moyo mmoja ni faili moja tu, nalo halikuwa la ramani.

Lilikuwa barua ya kuomba ruhusa ya msiba. Hatukujua kaiandika nani, ila aliyajua maneno: "Amefariki bibi aliyenilea, aliyekuwa akinisubiri mlangoni hata nilipokuwa mtu mzima." Wewe unabadilisha jina na tarehe, unaprinti, bosi anasaini. Siku tatu hizo, unajilia raha.

Mwezi wa tatu niliitumia kwenda kwenye usaili wa kazi nyingine. Kazi nikakosa. Bibi alikuwa mzima wa afya.

Mwezi wa nane, asubuhi nikiwa ofisini, mjomba akapiga simu. Bibi hatunaye. Mazishi kesho, na basi la mwisho la kunifikisha linaondoka saa sita mchana.

Nilichanganyikiwa. Nikafungua barua ile ile, nikabadilisha jina na tarehe, nikampelekea bosi.

Bosi wetu ni mama mpole, hafoki. Aliisoma, akanigeuzia kompyuta yake. Kumbe ile programu inatunza kila kitu: nani kabadilisha nini, lini. Majina yetu yalikuwa yamejipanga pale, langu mara mbili.

"Mama, safari hii ni kweli," nikasema, machozi yakanitoka.

Akashusha orodha hadi chini kabisa. Jina la aliyeianzisha barua lilikuwa lake.

"Niliiandika siku bibi yangu alipofariki," akasema. "Huyo wa mlangoni ni wangu mimi. Nimewasainia mara tisa, nimenyamaza tu nione mtafika wapi."

Nilitamani ardhi ipasuke inimeze.

"Kaa hapo. Andika ya kwako."

Nikaandika: "Bibi yangu amefariki. Alishona nguo za watu ili mimi nisome. Naomba nikamzike."

Akasaini. Basi nililiwahi, nikamzika bibi.

Niliporudi nikakumbuka kwamba ile barua, kwa mazoea, niliihifadhi kwenye folda ya wote. Nikaifungua.

Tayari alikuwa amefariki bibi mwingine aliyeshona nguo za watu. Wa mchora ramani wetu, ambaye siku hizo tatu alikuwa harusini.

Iliniuma sana, lakini ningemfokea kwa mdomo upi?

Jamani, mafaili ya kazi gawaneni mpaka mchoke. Ila kwenye msiba, kila mtu alie na barua yake.