Namba Nilizozipika Leba

Mfawidhi wetu wa kwanza, mkuu wa kituo cha afya tuliyemwita Mzee, alikuwa mkali, na mimi nilimpenda hivyo hivyo. Kituo kilinyooka. Kila asubuhi Mzee alipitia karatasi za leba na kalamu nyekundu, na ole wako uliyeacha kisanduku kitupu: ulisimamishwa kikaoni kama mtoto wa darasa la pili. Mapigo ya moyo wa mtoto tumboni yasikilizwe kila nusu saa, yaandikwe. Jamani, wauguzi watano tu, tungeweza wapi? Tukajifunza kupika namba. Unasikiliza mara moja, unajaza na masaa yanayokuja. Mzee anafurahi, nawe unapumua.

Alipohamishwa akaja dada mmoja kutoka Nyamigogo, kule Biharamulo. Siku ya kwanza alimwamkia mama wa usafi shikamoo, akamwomba ndoo, akapiga deki leba mwenyewe. Nilicheka mpaka mbavu zikauma. "Bosi gani huyu?" niliwaambia wenzangu. "Wiki mbili tu, tutampanda kichwani." Alituuliza kama tumekula, nani ana mgonjwa nyumbani. Nilimwona dhaifu na nikamdharau waziwazi.

Siku moja bodaboda ilituletea binti wa mimba ya kwanza kutoka Keza, wamebanana na mama mkwe wake. Leba nilikuwa peke yangu, na chanjo ya watoto pale nje ilikuwa yangu pia. Saa nne nilimsikiliza mtoto: mia moja arobaini, safi kabisa. Nikajaza karatasi hadi saa saba, nikakimbilia chanjo.

Niliporudi ilikuwa saa saba kasoro. "Nesi, mtoto hachezi," mama mkwe alisema. Nikaweka kipimo tumboni, nikahesabu. Tisini. Nikarudia. Tisini. Chini ya mia moja na kumi mtoto yuko hatarini.

Hapo hapo mfawidhi akaingia, dekio mkononi. Gari la wagonjwa lilikuwa getini linaunguruma, linakwenda kufuata dawa, na lisingerudi hadi jioni. Dereva alitaka kujua kama tuna mgonjwa wa rufaa. Mfawidhi alichukua karatasi yangu, akaisoma mstari kwa mstari.

"Huyu anaendelea vizuri," alisema. "Basi gari liende."

Akageuka. Ningenyamaza, nani angejua? Mtoto angekufa na karatasi ingenitetea. Nakiri, nilifikiria hivyo, tena si kwa kupitiwa. Kwa Mzee ningenyamaza, wallahi, maana pale kusema kulikuwa ni kufukuzwa kazi.

"Dada," nikasema, "namba hizo nimezipika. Mtoto ana tisini."

Hakuniuliza kwa nini. Alimpigia dereva kelele dirishani asiondoke, akamlaza binti ubavu wa kushoto, tukambeba sote watatu, mama mkwe akiwa ameshika miguu. Ndani ya gari alinipa kipimo. "Hesabu kwa sauti, mdogo wangu." Nilihesabu njia nzima huku nalia. Themanini na nane. Themanini na nne. Hospitali walimpeleka moja kwa moja chumba cha upasuaji, nasi tukakaa kwenye benchi bila kuangaliana. Mtoto alipolia, mama mkwe alipiga magoti sakafuni.

Njiani kurudi nilisubiri kutukanwa. Nilitamani atukane, yaishe. "Kesho utawaambia wenzako mwenyewe," alisema. "Ila nitaanza mimi."

Asubuhi akasimama kikaoni. "Zamu ya jana niliipanga mimi. Nilimwachia mtu mmoja leba na chanjo, mimi nikaenda kupiga deki. Nilikosea."

Kisha nikasema yangu, yote, hata lile wazo la kunyamaza. Niliangalia meza tu, kwa aibu.

Aliyesimama baada yangu ni muuguzi mkubwa kuliko sisi sote, mwalimu wetu wa kazi, ameshikilia kiti.

"Yule mtoto wa mama wa Bugarama, aliyetufia mwaka jana," alisema. "Karatasi yake niliijaza mimi, mtoto akiwa ameshakufa. Mzee akaisifia hapa hapa, na nyote mkanipigia makofi."