Tochi Nilizobeba Kiuyu

Siku niliyoripoti kazini mara ya kwanza, Daktari wa Wilaya hakutaka kuiona diploma yangu, ingawa nilikuwa nimeitia kwenye jalada jipya la plastiki. Aliniuliza jambo moja tu.

"Tabibu, una tochi?"

"Ninayo, Daktari."

"Iko wapi?"

"Nyumbani."

"Basi huna. Kaichukue, kisha uje uanze kazi."

Nyinyi vijana mnaosoma haya mnijue kidogo. Nilizaliwa Wesha, nikaondoka Pemba na shati moja. Mombasa nilibeba magunia mpaka nikapata ada ya chuo cha utabibu, na sikusomeshwa na serikali wala na mjomba. Wenzangu wengi walibaki huko na maduka yao. Mimi nilirudi, na katika matabibu wa vijijini wa wakati wangu sikumwona aliyenizidi.

Kituo changu cha kwanza kilikuwa Kiuyu. Umeme haukuwapo, kwa hiyo tochi ilikuwa chombo cha kazi sawa na kipimo cha kusikilizia moyo, na nilizijaribu nyingi. Ya bati, ya mawe mawili, yaani betri, ilikaa vizuri mfukoni na ilitosha kwa njia. Kwa mgonjwa ilikuwa mbovu, maana mwanga wake wa njano huficha umanjano wa macho, ukaweza kumrudisha nyumbani mtu ambaye ini limeshaharibika. Ya plastiki yenye kioo kipana ilitawanya mwanga chumbani, lakini ikianguka mara moja imekufa. Halafu kulikuwa na ile ya chuma, nyeusi, ya mawe matano, yenye mwanga mweupe unaopiga mbali. Kwa uzuri wa mwanga hiyo ilizishinda zote, na mimi sikuibeba. Hiyo ilikuwa ya askari.

Ilikuwa miaka ya mwanzo ya vyama vingi. Baada ya uchaguzi waliletwa askari wengi, na vijijini kwetu milango ikafungwa mapema. Wanaume wengine walilala mashambani wasikamatwe. Ukitembea gizani ulijulikana kwa tochi yako. Mtu wa kawaida alijimulika miguu mwenyewe ili aonekane hakuvaa mabuti ya askari, kisha akatoa salamu. Askari alikumulika wewe usoni. Watu walitazama mwanga umeelekea wapi, ndipo wakaamua kukaa au kukimbia.

Wakati huo akaja Mkaguzi wa Vituo, mtu wa mjini Unguja, akafikia kwangu. Alikuwa na ile ya chuma. Akaitazama yangu ya bati akacheka.

"Hii yako ni ya kuwindia panzi, Tabibu."

Baada ya Maghrib akaja mkulima mmoja, Faki, anahema. Mkewe, Raya, alikuwa amejifungua nyumbani, mtoto salama, lakini kondo limebaki ndani na damu haikatiki. Mkunga, Bi Mize, alikuwa naye. Nilimwambia Faki atangulie akachemshe maji, nami nikabaki kutayarisha sindano. Mkaguzi akasema atanisindikiza, akavaa mabuti kwa ajili ya matope.

Tulipokaribia, kabla sijamzuia, aliwasha lile lichuma akaupiga mlango wa Faki kwa mbali. "Nyumba si ile pale?" Taa ya ndani ikazimika.

Tulipofika tulikuta mlango wazi, koroboi bado inafuka moshi, godoro limelowa damu, na matone yameelekea mlango wa uani. Hapakuwa na mtu. Faki alijua nakuja, lakini alijua pia kwamba mwanga wangu ni wa njano.

"Wamekwenda wapi?" akauliza Mkaguzi.

"Wamekukimbia wewe."

"Mimi? Mimi mtu wa afya!"

"Zima hiyo tochi, Bwana Mkaguzi, kabla hatujapigwa panga."

Mwanamke mwenye kondo tumboni humwaga damu kama bomba lililoachwa wazi, na huyu alikuwa amebebwa mpaka kwenye unyevu, pengine amezibwa mdomo asilie. Tulifuata matone mpaka shamba la mihogo nyuma ya nyumba, na hapo nilisikia pumzi ya mtu karibu sana nami. Nikawasha ya bati, nikamulika makubadhi yangu miguuni, kisha uso wangu.

"Asalamu aleikumu! Mie Hamad, tabibu. Bi Mize, ni mie."

Ikajibu sauti ya kizee, chini chini: "Na huyo mwenzio? Tumuone miguu."

Nikashusha mwanga kwenye mabuti. Mihogo ikatikisika. Walikuwa wanazidi kurudi nyuma.

"Vua!" nikamwambia Mkaguzi.

"Nivue nini?"

"Mabuti! Vua!"

Akakaa matopeni akayavuta.

"Na soksi," ikasema sauti ile.

Nikammulika. Faki akasema kutoka gizani, "Huyu si askari, ana miguu laini kama mtoto wa chuoni. Njoni upesi, yakhe, mke wangu ananifia."

Raya alikuwa kwenye mkeka, mtoto kalazwa ubavuni pake. Kwa mwanga wangu wa njano sikuweza kujua amepungukiwa damu kiasi gani, nikaomba ya chuma. Bi Mize akanishika mkono. "Wataiona kutoka barabarani, mwanangu."

"Bila hiyo sioni, Bi Mize."

Wakatuzungushia kanga. Nilimwonyesha Mkaguzi aupige mwanga kwenye shuka nyeupe, urudi taratibu bila kumuumiza mgonjwa macho. Midomo ya Raya ilikuwa na rangi ya majivu. Nikamchoma sindano ya kubana kizazi, nikatia mkono kulitoa kondo. Hapo ndipo tuliposikia gari barabarani. Lilipunguza mwendo. Faki alikuwa ameshika panga, na Mkaguzi ameweka kidole kwenye swichi ya tochi.

"Nizime?" alinong'ona.

"Usizime."

Gari likasimama kidogo, kisha likaenda. Kondo likatoka zima, damu ikapungua, ikakatika. Raya aliishi. Alfajiri tulimpeleka hospitali kwa gari la Mkaguzi lililobaki kituoni, naye akaendesha pekupeku, asiombe mabuti yake.

Nilihudumu vituo vingine vitatu, nikapanda mpaka Tabibu Mkuu, nikastaafu hapa Gombani kwenye nyumba niliyoijenga mwenyewe. Sasa kuna tochi ndogo za kuchaji, zinaingia mfuko wa kanzu na mwanga wake unaishinda ile ya mawe matano. Matabibu vijana huja kuniuliza wanunue ipi. Nawaambia wabebe mbili, ya njano kwa njia na nyeupe kwa mgonjwa, na wasizichanganye. Hunisikiliza kwa adabu, kisha hununua nyeupe peke yake, na siwalaumu.

Mimi mwanga mweupe ukipita dirishani huzima taa nikakaa kimya. Mke wangu huniambia ni vijana wa bodaboda tu. Najua. Lakini mtu akibisha hodi baada ya Isha, mimi hupitisha mwanga kwanza chini ya mlango, nikatazama amevaa nini miguuni.